Kimo Kwanza, Wati Baadaye: Redio Koli na Ripita katika Ukanda wa Dhahabu

Mwanzoni mwa Oktoba 2015 mashimo ya wachimbaji wadogo yaliporomoka Nyangarata, wilayani Kahama. Waliokuwa chini wakahesabiwa kuwa wamekufa. Siku 41 baadaye watu watano wakatolewa hai, wakiwa wameponea mizizi, wadudu na maji ya shimoni. Agosti 2025 msiba wa namna hiyo ukaurudia mkoa wa Shinyanga: mgodi uliporomoka Nyandolwa na kuwafukia watu 25.

Redio haifukui mtu, wala hakuna redio ya mkononi inayopenya mita mia moja za mwamba. Lakini kila ajali ya mgodini ina upande wake wa juu ya ardhi, na huko ndiko dakika nyingi hupotea. Nani alishuka zamu hii? Winchi ya jirani inaweza kuja? Kijiko kiko wapi na ufunguo anao nani? Gari la wagonjwa limefika njia panda au limeshapita? Maswali haya yanataka watu kumi wasikie jibu moja kwa wakati mmoja. Simu humfikia mtu mmoja mmoja, inataka salio, na hukwama mnara unapozidiwa. Kwa redio koli, unabonyeza kitufe mara moja na wote walio kwenye chaneli wanakusikia.

Wachimbaji wengi wadogo wa Shinyanga na Geita wanaweza kumudu redio hizo. Kinachowaponza ni namna ya kuzichagua: hela inaishia kwenye wati zilizoandikwa kwenye boksi, wakati kinachoifikisha sauti mbali ni kimo cha antena. Hilo ndilo jambo la kulielewa kabla ya kwenda dukani.

Wati hazivuki kilima

Redio za mkononi hutumia masafa ya VHF, kati ya megahezi 136 na 174, au UHF, kati ya megahezi 400 na 470. Mawimbi ya masafa hayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayarudishwi na anga ya juu kama yale ya masafa mafupi, yaliyotuletea matangazo kutoka nchi za mbali. Kwa hiyo mpaka wake ni upeo wa macho, ukiongezeka kidogo kwa sababu hewa huyapinda mawimbi kuelekea ardhini.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita hadi upeo wa redio. Mtu aliyeshika redio mita 1.5 kutoka ardhini ana upeo wa kilomita 5. Wawili wa namna hiyo, kwenye mbuga tupu, wanaishia kilomita 10. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Ukiweka nyumba, migunga na vifusi vya mawe, mara nyingi zinabaki kilomita 2 au 3. Sasa pandisha antena moja hadi mita 30: upeo wake pekee unakuwa kilomita 22 na nusu. Iweke juu ya kilima kinachozidi mbuga kwa mita 100, nao unafika kilomita 41.

Linganisha na wati. Hata mahali pasipo na kizuizi chochote, kufika mbali mara mbili kunataka nguvu mara nne. Ukiiacha redio ya wati 5 ukanunua ya wati 10, umbali hauwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 hivi. Penye kilima katikati, pengine hauongezeki kabisa, na betri inaisha mapema.

Kwa hili mkoa wa Shinyanga umebahatika. Mbuga zake ni tambarare, na katikati yake yamesimama majabali ya matale ambayo tayari ni minara ya asili. Geita ina vilima vya miamba ya kale yenye dhahabu. Vilima hivyo huyakinga mabonde yasisikilizane, lakini mtu akiweka antena kileleni, mabonde yote mawili yanasikika.

Ripita inavyofanya kazi

Mapema katika miaka ya 1980, sungusungu walipoanza kati ya Kahama na Shinyanga, filimbi ilikuwa chombo chao cha habari. Ng'ombe wakiibwa, kijiji cha kwanza kinapuliza, cha pili kinapokea na kupuliza, cha tatu vivyo hivyo, hadi habari inamtangulia mwizi njiani. Ripita ni mpulizaji aliyesimama kilimani, ila yeye husikia na kupuliza kwa wakati uleule.

Ili aweze hivyo, anahitaji masafa mawili. Chukua mfano wa Marekani, ambako kuna huduma ya redio za familia na vikundi iitwayo GMRS. Redio ya mkononi hurusha kwenye megahezi 467.550, ripita inasikia hapo, na papo hapo inarusha sauti ileile kwenye megahezi 462.550, ambako redio zote zinasikiliza. Tofauti ni megahezi 5.

Kazi ngumu iko hapo. Kipokezi kizuri husikia ishara ndogo mno, huku kirushi kilicho sentimita chache kutoka kwake kikitoa wati 10. Nguvu ya kirushi inaizidi ile ishara zaidi ya mara trilioni elfu moja. Bila kinga, ripita inajiziba masikio yenyewe: mtu aliye karibu anapita vizuri, wa mbali anakatikakatika kila ripita inapoanza kurusha. Mafundi wengi huona dalili hiyo wakadhani antena ni mbovu.

Tiba ni kichujio kiitwacho dupleksa, yaani seti ya makopo ya chuma yaliyopimwa ili upande mmoja upitishe masafa ya kusikia na kuyazuia ya kurusha, na upande wa pili ufanye kinyume chake. Kwa dupleksa, antena moja inatosha kazi zote mbili. Asiye nayo anaweza kutumia antena mbili kwenye mlingoti mmoja, moja juu na nyingine mita kadhaa chini yake, kwa kuwa antena zilizosimama wima hurusha nguvu kidogo sana kuelekea moja kwa moja juu au chini. Kuziweka ubavu kwa ubavu hakusaidii kwa kiasi hicho.

Kuiunda kwa mikono

Ripita ya kuanzia hujengwa kwa redio mbili za gari. Ya kwanza inasikia, ya pili inarusha. Katikati kuna kisanduku kidogo cha udhibiti chenye kazi tatu: kupeleka sauti kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kubonyeza kitufe cha kurushia ishara inapoingia, na kukata baada ya muda uliopangwa, kwa kawaida dakika 3, ili redio iliyokaliwa kitufe ndani ya gari isiifunge chaneli usiku kucha.

Redio ya gari haikuundwa kurusha mfululizo. Iliyoandikwa wati 45 ipunguze hadi 10, na uifungie feni mgongoni. Kimo cha kilima kitafidia wati hizo na kubakiza nyingine nyingi.

Waya wa antena ndio unaokula hela za watu kimyakimya. Chukua mita 20 za koaksia nyembamba aina ya RG-58, isiyofikia unene wa kalamu ya wino. Kwenye megahezi 450, wati 10 zikiingia chini, juu zinatoka wati 2 tu; zilizobaki zimegeuka joto ndani ya waya. Waya mnene wa aina ya LMR-400, kwa urefu uleule, unatoa wati 6 na zaidi. Na kwa kuwa hasara hiyo hutokea pia wakati wa kusikia, waya mwembamba unaipa ripita uziwi kwa pande zote mbili. Anayetaka kubana matumizi asibane hapo.

Antena yenyewe inaweza kutengenezwa nyumbani. Gawa 7,125 kwa masafa yako ya megahezi, upate urefu wa fimbo kwa sentimita. Kwa megahezi 450 ni sentimita 15.8. Fimbo ya shaba isimame juu ya soketi, na fimbo nyingine nne, ndefu kidogo, zifungwe kwenye kitako zikiinama nyuzi 45. Kabla ya kurusha, pima kwa mita ya mrejeo wa mawimbi: ikisoma 1.5 au chini, endelea. Ikizidi 2, rekebisha urefu kwanza.

Umeme wa kilimani ni wa sola. Tuseme ripita inarusha jumla ya saa 4 kwa siku ikivuta ampea 4, na kusubiri saa 20 ikivuta ampea 0.6. Hizo ni ampea-saa 28 kwa siku. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, isiyoshushwa chini ya nusu, itaibeba karibu siku mbili za mawingu. Paneli ya wati 150 inatosha kuijaza.

Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na radi duniani. Oktoba 2018 radi iliwaua wanafunzi sita wa shule ya msingi mkoani Geita. Mlingoti wa chuma juu ya jabali ni mwaliko wa radi. Funga kizuia radi kwenye waya wa antena, shusha athi kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye udongo wenye unyevu, maana jabali lenyewe ni athi mbaya, na uunganishe mlingoti, redio na sola kwenye athi hiyo moja. Wingu likikusanyika, hakuna fundi anayepanda kilimani.

Chini ya ardhi ni habari nyingine

Ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji, UHF huishinda VHF. Wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2, la megahezi 450 lina sentimita 67 hivi. Shimo hupitisha wimbi vizuri pale upana wake unapozidi nusu ya urefu wa wimbi. Kwa hiyo duara lenye upana chini ya mita 1 linaizima VHF haraka, wakati UHF inaweza kushuka kwenye njia iliyonyooka. Kona ya kwanza huidhoofisha sana, ya pili mara nyingi huimaliza. Migodi mikubwa ya chini kwa chini hutandaza kebo yenye matundu inayovujisha mawimbi njia nzima. Mchimbaji mdogo asiyeweza gharama hiyo apitishe simu ya waya kutoka kwa mwendesha winchi hadi kitako cha duara. Ni teknolojia ya zamani, na inafanya kazi.

Kuna onyo lisilo na mjadala. Fataki za umeme zinaweza kulipuka kwa nguvu ya mawimbi ya redio inayonaswa na nyaya zake. Panapotegwa baruti kwa fataki hizo, redio zote zizimwe na kuwekwa mbali.

Redio ya kununua

Chagua UHF ikiwa kazi yako ni migodini, kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na katikati ya majengo. VHF inafaa zaidi mbugani na porini. Tafuta alama ya IP67: tarakimu ya 6 inamaanisha vumbi haliingii, ya 7 kwamba inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Betri iwe ya kuchomoka, na kila redio iwe na ya akiba. Spika isikike karasha likiwa linasaga. Redio za bei ndogo za masafa mawili, kama Baofeng UV-5R, zinaweza kufanya kazi na ripita, ila vipokezi vyake huvurugika kirahisi karibu na kirushi chenye nguvu. Wawekee wafanyakazi chaneli chache tu, na wafundishe kubonyeza, kusubiri sekunde moja ripita ifunguke, ndipo waongee.

Sasa sheria. Redio nyingi zinazouzwa mtandaoni zimeandikwa GMRS na zimeshapangwa kwa masafa ya Marekani. Huko, kwa dola 35, mtu hupata leseni ya miaka 10 inayohudumia familia nzima, bila mtihani, na ruhusa ya hadi wati 50 kwenye chaneli za ripita. Leseni hiyo haina nguvu Tanzania. Hapa masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Unahitaji leseni ya masafa na vifaa vilivyothibitishwa. Huu si urasimu mtupu: ripita iliyo kilimani inafika kilomita 40, na ikikaa juu ya masafa ya polisi au ya hospitali, inaweza kuzima wito wa mtu anayekufa.

Ni mzigo mzito kwa mwenye duara mmoja, lakini si mzito kwa chama. Vyama vya wachimbaji vya mikoa, SHIREMA na GEREMA, vinaweza kuomba jozi moja ya masafa kwa kila eneo la machimbo kupitia ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa, Mwanza, vikaweka ripita moja kilimani, na kila mwenye duara akanunua redio zake tu. Chaneli moja ibaki ya dharura peke yake, ijaribiwe kila asubuhi kabla ya zamu kushuka, na majina ya wanaoshuka yasomwe hewani na kuandikwa. Ajali ikitokea, waokoaji wajue tangu dakika ya kwanza wanamtafuta nani na yuko duara lipi. Viongozi wa vyama, anzeni kwa kuchagua kilima, kisha pelekeni maombi.