Net ya Nini?

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie kisa cha binti wa Nakivale na neno la Kiingereza lenye herufi tatu tu.

Binti huyu alikulia Base Camp, kwa wazazi waliotoka Kongo. Nakivale ni makazi ya siku nyingi. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda, na leo ukizunguka sokoni utasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali kabla hujamaliza kununua nyanya. Sheria ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Basi binti alipomaliza shule akapata kazi dukani Mbarara, akapanga chumba mtaa wa Nyamityobora. Barua ya kazi ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilisema: gross salary, shilingi 500,000 kwa mwezi.

Jioni ile ile akapiga simu nyumbani. "Mama, nitalipwa elfu mia tano!" Mama akaanza kuzigawa hapo hapo: ada ya mdogo wake, mabati mawili ya jikoni, deni la dukani.

Mwezi ukaisha, pesa zikaingia kwenye simu: 423,000. Binti akaketi kitandani, akaisoma meseji mara tatu. Akalia. Alidhani ameibiwa.

Hakuna aliyemwibia. Kesho yake mhasibu alimpa karatasi ya mshahara, wakaisoma pamoja mstari kwa mstari. Kwanza PAYE, kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza 2012. Shilingi 235,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Laki moja inayofuata hukatwa asilimia 10, yaani 10,000. Zinazofuata 75,000 hukatwa asilimia 20, yaani 15,000. Zilizobaki, 90,000, hukatwa asilimia 30, yaani 27,000. Jumla ya kodi: 52,000. Kisha NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 5 ya mshahara wote: 25,000. Akiba hii haijapotea. Mwajiri naye huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo kila mwezi binti anawekewa 75,000 kwa jina lake.

Chini kabisa ya karatasi paliandikwa: net pay, 423,000.

Sasa hilo neno net. Nendeni jikoni mkachukue pakiti ya chumvi, mtalikuta limeandikwa hapo: net weight. Ni uzito wa chumvi yenyewe, pakiti haihesabiwi. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa maana yake ni safi. Wavu wa wavuvi wa Ziwa Nakivale nao kwa Kiingereza ni net, lakini hayo ni maneno mawili yasiyo na udugu. Kiswahili chetu kinafuata njia hiyo hiyo ya usafi: mshahara kabla ya makato tunauita mshahara ghafi, kama tunavyosema mafuta ghafi ya Hoima, yaani bado hayajasafishwa. Gross ni ghafi. Net ni kilichosafishwa.

Lakini kusafishwa nini? Hapo ndipo watu wazima wengi hujikwaa, na ndiyo sababu nimewaita. Kiingereza kina njia ya kulijibu swali hilo: baada ya net unaweka of, kisha unakitaja kilichoondolewa. Net of tax maana yake kodi imeshatoka. Wako wanaodhani ni "pamoja na kodi". Sivyo, ni kinyume chake kabisa. Na ukishasema net of tax, usiongeze after tax. Itakuwa kama mtu anayesema ameshuka chini. Chagua moja. Sema: I earn 448,000 net of tax. Au: I take home 423,000 after tax and NSSF. Zote mbili ni kweli kwa binti yetu, kila moja kwa hesabu yake.

Mwaka uliofuata akaitwa kwenye usaili wa kazi nyingine. Wakamuuliza anataka mshahara gani. Safari hii alitaka zile elfu mia tano zimfikie mkononi, na karibu aseme: 500,000 net of tax. Angesema hivyo, mwajiri angeandika mshahara ghafi wa takriban 574,000, angetoa kodi, zikabaki 500,000 kamili. Kisha NSSF ingekata yake, na kwenye simu zingeingia kama 471,000. Mwajiri hangekuwa amedanganya hata kidogo, kwa sababu NSSF si kodi, na binti angekuwa ametaja kodi tu.

Akavuta pumzi, akasema polepole: "Five hundred thousand, net of tax and NSSF." Kwa maneno hayo mshahara ghafi unapanda hadi takriban 618,000.

Siku moja nanyi mtapewa barua ya kazi, huko Mbarara au popote. Mkikuta net imesimama peke yake, muulizeni mwenye barua kabla ya kutia saini: net of what? Kisha mwombeni aliandike jibu hapo hapo kwenye barua.