E1 ya Nani? Kiyoyozi Kinapogoma Nakuru

Nyumba nyingi za Nakuru hazina kiyoyozi. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hudai blanketi. Lakini wapo walio na chumba cha kompyuta, duka la dawa, au sebule inayopigwa na jua la alasiri. Na ukiteremka hadi Marigat, karibu na Ziwa Baringo, joto halina mzaha. Kiyoyozi kikigoma, kioo chake huonyesha msimbo: E1.

E1 ya nani? Kwa mashine nyingi za kampuni ya Gree, shinikizo la gesi limezidi. Kwa nyingi za Midea, kipande cha ndani na cha nje havisikilizani. Hitilafu hiyo ya pili LG huiandika CH05, Daikin U4. Fundi anayetaja dawa kabla ya kuuliza aina na modeli anabahatisha.

Tena msimbo hutaja kilichohisiwa, si lazima kilichoharibika. Chukua kihisi cha joto: ukinzani wake hushuka joto likipanda, na vingi vina omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Fundi hukichomoa, akakipima kwa mita, akalinganisha na jedwali la mtengenezaji. Kikiwa sawa, lawama inahamia kwenye waya au bodi, na aliyekimbilia kununua kihisi kipya amekula hasara. U2 ya Daikin nayo hulalamikia volteji. Hapo stima ya nyumba ndiyo hupimwa kwanza.

“Ongeza gesi” ndiyo tiba inayopendwa mno. Gesi haiishi kwa kutumika; ikipungua, imevuja. Kujaza bila kuziba tundu ni kuimwaga angani, na gesi aina ya R410A hupasha dunia joto mara 2,000 hivi kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Ni gesi za jamii hii ambazo mataifa yalikubaliana Kigali, mwaka 2016, kuzipunguza.

Mwinuko nao una vituko vyake. Kanieneo ya hewa Nakuru ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Fundi wa pwani akinyonya hewa yote mabombani huona mshale wa geji ukikaribia inchi 30 za zebaki chini ya sifuri. Nakuru hukwama karibu na 24, pampu ikiwa nzima kabisa! Asiyejua atatafuta tundu lisilokuwepo. Hewa hiyo nyepesi pia hubeba joto kidogo. Basi vumbi likiziba kipande cha nje, shinikizo hupanda na mashine hujizima.

Mwenye nyumba aandike msimbo, azime swichi ya ukutani, aoshe kichujio, aondoe majani na vumbi nje, kisha awashe baada ya dakika chache. Msimbo ukirudi, amwite fundi. Kasha la nje asilifungue: kapasita za inveta zaweza kushika zaidi ya volti 300 hata stima ikishakatwa.