Betri Ndogo Zinafia Kwenye Chaja

Baadhi ya wanakamati na wafadhili wetu wametuuliza kwa nini magari madogo ya rimoti, yaliyotolewa kwa ajili ya vijana wa darasa la ufundi, hayatembei tena. Magari yenyewe ni mazima. Zilizokufa ni betri, tena ndani ya miezi michache, wakati betri za namna hiyo zikitunzwa huchajiwa mamia ya mara. Tulifuatilia tukakuta kosa si la vijana. Ni letu, katika namna ya kuchaji.

Gari moja hutumia betri nne za ukubwa wa AAA, nyembamba kama kidole cha mwisho. Zile za kuchaji zimeandikwa NiMH na kila moja ina volti 1.2. Ubavuni kuna namba nyingine, kwa mfano 800 mAh. Hicho ni kipimo cha ujazo, kama lita kwa dumu. Chaja nayo imeandikwa kasi yake ya kujaza. Chaja ya mA 200 itahitaji saa 4 kwa betri hiyo, na kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani, tunaongeza saa moja au moja na nusu. Chaja ya mA 80 huhitaji saa 14 hadi 16.

Chaja yetu ilikuwa ya mA 200, ya bei nafuu, isiyojizima. Tuliichomeka jioni na kuichomoa asubuhi. Dumu likijaa, maji humwagika. Betri ikijaa, umeme unaozidi hugeuka joto, na joto hilo huikausha ndani kidogo kidogo. Asubuhi tulikuta betri za moto tukadhani ndiyo dalili ya kushiba!

Tukanunua chaja nyingine, yenye saa ya kujizima. Hiyo nayo haikutufaa, kwa sababu ya mgao wa umeme. Kila umeme unapokatika na kurudi, saa ya chaja huanza kuhesabu upya, hata kama betri zilikwisha kujaa. Usiku wenye kukatika mara tatu ulitosha kuziharibu.

Chaja inayofaa ni ile inayopima kila betri peke yake. Betri ya NiMH ikijaa, volti yake hushuka kidogo sana, na chaja hiyo huona mshuko huo ikaacha kujaza. Bei yake inaweza kuzidi ya betri zenyewe. Wapo waliolalamika, nasi tunawaelewa, lakini betri tulizokwisha kutupa zingeilipa.

Kwa wafadhili tuna ombi: kabla ya kutuma betri, tumeni chaja. Tafadhali someni maandishi ya nyuma yake. Umeme wa Tanzania ni volti 230, na chaja ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee itaungua siku ya kwanza. Betri zikiwa za aina inayotunza chaji muda mrefu, kama Eneloop zilizotolewa na Sanyo mwaka 2005, tutashukuru zaidi, maana magari yetu hukaa kabatini wiki nzima kati ya kipindi na kipindi.

Betri za kawaida za dukani, zisizo za kuchaji, zisiwekwe kwenye chaja kamwe. Huvuja na zinaweza kupasuka. Magari mengine huja na betri bapa za lithiamu. Hizo zina chaja yake ya pekee, huchajiwa juu ya sakafu ya saruji mtu akiwapo, na ikivimba haichajiwi tena.

Sasa tumezifunga betri nne nne kwa mpira na kuziandika namba, ili mpya isichanganywe na iliyochoka. Vijana nao wameambiwa gari likianza kusuasua walizime hapo hapo. Wakiendelea kulilazimisha, betri dhaifu kati ya zile nne husukumwa kinyume na wenzake, na hiyo hairudi tena.