Njia ya nuru isiyorudi nyuma

UJUMBE unaotumwa ng'ambo kutoka Kegonga, Kaunti ya Migori, huvuka bahari ukiwa nuru ndani ya nyuzi za kioo, kama zile za nyaya zilizofika Mombasa mwaka wa 2009. Lakini katika vifaa vidogo vinavyoielekeza nuru hiyo, kona kali au kasoro huitawanya.

Mwaka wa 2008, wanasayansi Duncan Haldane na Srinivas Raghu walipendekeza suluhisho: vijiti vilivyopangwa kwa utaratibu na kuathiriwa na sumaku huizuia nuru kupita katikati, ikafuata ukingo kuelekea upande mmoja tu. Ikikuta kizuizi, hukizunguka.

Majaribio nchini Marekani yalithibitisha hayo mwaka wa 2009 kwa mawimbi ya maikrowevu. Hata hivyo, sumaku huiathiri kidogo mno nuru ya mawasiliano, nazo mbinu zisizotumia sumaku haziepuki kasoro zote.