Mita Moja, Milango Sita

Katika nyumba za kupanga za Walukuba mjini Jinja, kama katika zile za Namatala mjini Mbale, ugomvi wa mwisho wa mwezi una sauti ileile. Umeme umezimika ua mzima. Mama wa chumba cha tatu asema fungu lake alikwisha litoa tangu juzi. Kijana wa chumba cha tano ajibu kwamba yeye ana balbu moja na redio, basi kwa nini alipe sawa na jirani mwenye friji na pasi? Mwenye nyumba hayupo. Mita iko ukutani ndani ya kisanduku cha chuma, na ufunguo anao yeye.

Nyumba hizi huitwa muzigo: vyumba vilivyopangwa kwa safu chini ya paa moja, na kila mlango familia yake. Jina hilo ni la Kiganda, ingawa mpangaji ajuaye Kiswahili haoni kosa akilisikia kwa maana ya kitu kinachobebwa kichwani. Humo huishi wafanyakazi wa viwanda, wachuuzi, walimu, na pia jamaa za askari jeshi na polisi ambao hawakupata nafasi kambini. Bwana anapokuwa kazini mbali, ni bibi anayekabiliana na habari ya mita.

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba shida hii imeota mizizi Jinja. Bwawa la Owen Falls, liitwalo sasa Nalubaale, lilifunguliwa hapo tarehe 29 Aprili 1954, na umeme wa Uganda ukatoka mjini humo kwenda kila upande. Halmashauri ya Umeme iliyoundwa mwaka 1948 iligawanywa mwaka 2001 kuwa makampuni matatu. Kazi ya kufikisha umeme majumbani ikachukuliwa na kampuni ya Umeme tangu Machi 2005, kwa mkataba wa miaka 20, na tarehe 1 Aprili 2025 ikarudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL.

Mwaka 2011 zilianza kuja mita za kulipia kabla ya kutumia, ziitwazo Yaka. Zimeondoa balaa kubwa ya zamani, yaani ankara ya kukisia iliyomfikia mtu na deni asilolijua. Lakini katika nyumba ya muzigo ugomvi haukwisha. Ulihama tu kutoka dirisha la ofisi ukaingia uani. Zamani mpangaji alishindana na karani, leo anashindana na jirani yake.

Kiini cha jambo ni hiki: mbele ya kampuni ya umeme, mteja ni yule ambaye mita imeandikwa kwa jina lake. Wapangaji sita wanaomchangia si wateja. Ni watu wanaoishi nyumbani kwa mteja. Haki ya kuomba mita ipimwe, ya kudai maelezo ya deni na ya kupewa namba ya malalamiko inapitia kwake. Akiwa mwema, mambo huenda. Asipokuwa mwema, mpangaji hana pa kushika.

Hasara ya kuchangia mita huonekana hata katika bei. Ratiba iliyowekwa mwaka 2022 ilimpa mteja wa nyumbani uniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja, ili mnyonge apate mwanga. Kuanzia uniti ya 16 hadi ya 80 bei ilikuwa takriban shilingi 750, na kutoka ya 81 hadi ya 150 ilishuka hadi 412, ili watu wavutwe kupikia umeme. Natuchukue ua wa vyumba sita, kila kimoja kikitumia uniti 20. Kwa mita moja ni uniti 120, nazo kabla ya kodi zagharimu shilingi 68,980. Kila chumba kingekuwa na mita yake, kila familia ingelipa 7,500, na wote sita 45,000. Nafuu ya uniti 15 iliwekwa kwa kila mita, si kwa kila jiko. Ni kweli kwamba kila mita hutozwa pia ada yake ya mwezi, na ada hiyo hupunguza sana tofauti hii. Lakini mwenye mita yake amepata kitu kingine kisichoandikwa katika ratiba, yaani jina.

Wako wenye nyumba walioweka mita ndogo kwa kila chumba, na hilo ni jambo jema likifanywa kwa haki. Ubaya huanza pale mwenye nyumba anaponunua uniti kwa bei moja na kuziuza kwa nyingine. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 inamtaka auzaye umeme awe na leseni. Kugawana gharama ni kitu kimoja. Kufanya duka la umeme uani ni kitu kingine kabisa.

Tatizo hili halipo Uganda tu. Huko Marekani watu wengi wanaishi katika nyumba za magurudumu zilizoegeshwa kwenye kiwanja cha mtu mmoja, naye hupokea umeme kwa mita kuu na kuwatoza wao. Jimbo la California limeagiza kwamba bei atakayowatoza iwe ileile ambayo wangelipa kama wangehudumiwa na kampuni yenyewe. Uingereza nayo, tangu Januari 2003, imemkataza mwenye nyumba au kiwanja kuuza umeme kwa bei iliyozidi ile aliyonunulia.

Mpangaji wa Jinja au Mbale aweza kujikinga kwa vipimo vya nyumbani. Balbu ya wati 100 ikiwaka saa 10 hula uniti moja. Pasi ya wati 1,000 huimaliza uniti hiyo kwa saa moja. Zimeni kila kitu katika vyumba vyote, kisha mtazame mita kuu. Ikiendelea kuhesabu, kuna waya unaokwenda pasipojulikana. Siku moja kila mwezi zisomwe mita ndogo zote na mita kuu, mbele ya wote, na hesabu iandikwe daftarini. Risiti ya kila ununuzi wa Yaka ionyeshwe, kwa sababu deni la zamani lililowekwa katika mita hukatwa humo kidogo kidogo, na mgeni aliyehamia juzi hulipa deni la mtu asiyemjua.

Maji yana hesabu yake. Shirika la Taifa la Maji hupima kwa meta ya ujazo, nayo ni jerikani 50 za lita 20. Anayeuziwa jerikani moja kwa shilingi 200 uani amelipa shilingi 10,000 kwa meta hiyo. Ailinganishe na bei iliyoandikwa katika ankara ya mwenye nyumba kabla ya kunyamaza.

Mwenye nyumba akikataa kuonyesha risiti, shauri lipelekwe kwa baraza la LC1, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2006 husikiliza madai madogo. Jambo lihusulo mita au ukataji wa umeme liandikwe kwa UEDCL, na namba ya malalamiko itunzwe. Jibu lisiporidhisha, iko Mamlaka ya Kusimamia Umeme, na baada yake Baraza la Kuamua Migogoro ya Umeme. Sare ya kazi haina nafasi katika shauri hili, wala waya wa kuruka mita. Bunge liliongeza sana adhabu za wizi wa umeme mwaka 2022.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa upangaji uwe wa maandishi pale thamani yake inapofika shilingi 500,000. Chumba cha muzigo cha kulipwa mwezi kwa mwezi aghalabu hakifiki huko, ila hakuna kinachozuia karatasi moja ya daftari itajayo nani hulipa umeme na kwa hesabu gani. Askari apatapo uhamisho, asome mita siku ya kuondoka pamoja na mwenye nyumba, waandike namba na tarehe, watie sahihi wote wawili, na nakala moja aichukue safarini.