MKUYU NA MDUDU WAKE

Hapana mtu wa Butiama asiyeujua mkuyu. Husimama kando ya vijito viendavyo katika Ziwa Victoria, shina lake nene, matawi yake mapana, na makuyu yake yameshikana vichala vichala juu ya matawi makubwa na shina lenyewe. Watoto huyachuma, ng'ombe hupumzika chini yake, na wazee huzungumza kivulini. Lakini ni nani aliyepata kuliona ua lake? Watu wengi husema kwamba mti huu hauchanui. Neno hilo si kweli, na habari yake yafaa ijulikane na kila mwenye shamba karibu na maji.

UKOO WAKE. Mabingwa wa elimu ya mimea huuweka mkuyu katika ukoo uitwao Ficus, wenye aina zaidi ya 800, nyingi katika nchi za joto. Mtini uliotajwa katika Biblia ni ndugu yake. Mutuba wa Buganda, ambao gome lake hupondwa kwa nyundo za mti hata likawa nguo, nao ni ndugu yake. Hali kadhalika mugumo wa Wakikuyu. Walio wengi katika ukoo huu hawakosi majani mabichi mwaka mzima, ingawa mkuyu huweza kuyapukutisha kwa muda mfupi mahali pa ukame. Alama ya ukoo ni utomvu mweupe kama maziwa. Wako ndugu wengine ambao huanza maisha juu ya mti mwingine: ndege huangusha mbegu katika panda, mizizi huteremka mpaka chini, na mwisho humzunguka mwenyeji na kumsonga hata afe. Wengine huota katika nyufa za mawe makubwa.

UA LILILOFICHWA. Pasua kuyu changa utazame ndani. Utaona vijiua vidogo sana, mamia kwa mamia, vimepangwa ukutani mwa chumba kilichofungwa. Basi, kuyu si tunda kama embe. Ni nyumba ya maua, na maua yake yameelekea ndani. Nyuki hawezi kuingia wala upepo haupenyi. Je, unga wa maua, yaani chavua, hufikaje?

Yuko nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, ambaye kazi hii ni yake. Jike huingia kwa tundu dogo lililo nchani mwa kuyu. Tundu ni jembamba hata mabawa yake hukatika njiani, naye hatoki tena. Huko ndani hunyunyiza chavua aliyoileta, hutaga mayai katika baadhi ya maua, kisha hufa. Maua yaliyopata mayai hulea watoto wa nyigu. Yaliyosalia huzaa mbegu. Baada ya majuma machache watoto hukomaa. Madume hutoka kwanza, hawana mabawa. Huwapanda majike, hutoboa njia katika ukuta wa kuyu, na kazi yao imekwisha. Majike hukusanya chavua, hupita katika njia hiyo na kuruka kutafuta mkuyu mwingine. Ndipo kuyu hulainika na kuwa tamu. Basi mwenye kula kuyu na alipasue kwanza, alikung'ute.

ZAMU ZA MITI. Hapa ndipo penye jambo kubwa. Makuyu ya mti mmoja kwa kawaida hukomaa pamoja, na jike huishi siku moja au mbili tu. Kwa hiyo lazima apate mti mwingine ambao makuyu yake bado ni machanga. Wataalamu waliochunguza mikuyu ya jangwani Namibia walieleza mwaka 2009 kwamba upepo waweza kumchukua mdudu huyu hata kilomita 160. Hata hivyo safari ndefu haifai kitu ikiwa mwisho wake hapana mkuyu.

Kwa sababu hiyo mikuyu ya nchi moja haizai kwa msimu mmoja. Huu leo, ule mwezi ujao. Ndege, popo na nyani hupata chakula hata matunda mengine yanapokwisha, nao hutawanya mbegu za miti mingine pia. Kila mkuyu ukatwao ni zamu moja iliyokatika.

Tazameni Misri ya kale. Mkuyu ulipelekwa huko, lakini nyigu wake hakuwako. Miti ilipandwa kwa vipandikizi kwa maelfu ya miaka, kwa kuwa haikuzaa mbegu. Na watu walilazimika kupanda juu na kuchanja makuyu kwa kisu, moja moja, ili yaive. Kazi ambayo hapa kwetu hufanywa na mdudu bila ujira, huko ilikuwa kazi ya watu.

MKUYU NA MAJI. Wazee husema mkuyu huleta maji. Tuseme hivi: mkuyu huota mahali ambapo maji hayako mbali, mizizi yake huenda chini sana, hushika ukingo usibomoke, na kivuli chake huzuia jua lisikaushe udongo. Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alieleza jinsi mugumo wa utotoni mwake ulivyokatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 hulinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini kabla ya sheria hiyo, wazee walikuwa na miiko yao ya kulinda miti mikubwa.

Basi, aliye na mkuyu kando ya kijito na auache. Asiye nao na achukue tawi nene lililo hai, alipande mvua zianzapo, mbali na kuta za nyumba na visima, maana mizizi yake ina nguvu. Walimu nao wawapasulie wanafunzi kuyu moja darasani. Mtoto aliyekwisha kuona nyumba ile ya maua na wenyeji wake, hatashika shoka upesi.