Lugha ya Mtumiaji ni Ipi? Violesura vya Kiswahili kati ya Mbarara na Makazi ya Nakivale

Mwaka 1990 Jakob Nielsen na Rolf Molich walipendekeza misingi ya kukagua kiolesura, yaani sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuiamuru. Mmojawapo ni kwamba programu izungumze lugha ya mtumiaji. Wabunifu wengi huuhesabu msingi huu kuwa umetimizwa pindi tafsiri inapokamilika. Makala hii inaeleza kwa nini sivyo, hasa kwa wakimbizi wa Nakivale, wilayani Isingiro.

Nakivale inakaliwa na watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Hata hivyo, Kiswahili cha mzaliwa wa Kivu kimekua ubavuni mwa Kifaransa, si Kiingereza, na mbali na kamusi za Dar es Salaam. Chukua mfano wa mama anayetuma fedha kwa simu. Mbele yake kuna maneno mawili: “Thibitisha” na “Ghairi”. Yote ni sanifu, hayana kosa la kisarufi. Lakini asiyewahi kulisikia neno “ghairi” hubaki kubahatisha, na fedha ikishatumwa kwa namba isiyo yake, kuirejesha ni shida. “Futa” nalo halisaidii: linafuta herufi, ujumbe au muamala mzima?

Dawa yake ni kutaja tendo lenyewe: “Ndiyo, tuma” na “Hapana, usitume”. Mhandisi atalalamikia nafasi, na ana haki, kwani ukurasa mmoja wa menyu zile zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli haubebi zaidi ya herufi 182. Lakini badiliko hili linaongeza herufi kumi tu. Nafasi hiyo hupatikana kwa kupunguza salamu na jina la kampuni.

Saa ni mtego mwingine. Ujumbe wa kliniki unaosema “saa 8:00” humaanisha asubuhi kwa aliyeuandika, ilhali Mswahili husoma saa nane mchana, akafika foleni imekwisha. Ajabu ni kwamba Kinyankore nacho huhesabu saa kuanzia macheo. Mtayarishaji programu wa Mbarara husema saa mbili nyumbani kwao, kisha huandika nane kazini. “Saa 2 asubuhi” ingetosha.

Mambo haya yana uzito wa kisera. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Huduma za kidijitali zitakazofuata zitahitaji Kiswahili, na jambo rahisi litakuwa kununua tafsiri na kuifungia kazi hapo. Napendekeza mikataba ya programu za umma idai jaribio: watumiaji wachache wa Nakivale, wa asili tofauti, watekeleze kazi halisi bila kuelekezwa, na neno lolote linalowasimamisha libadilishwe kabla ya malipo ya mwisho. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina wanafunzi wa kompyuta wanaoweza kuanza na menyu moja tu, ile ya kutuma fedha.